Pua ya Yuda

Jumatatu, 9 Machi 1637. Napoli.
Fundi Ottavio anachora Yesu akikamatwa bustanini, picha ya kanisa letu la mtaani. Giza tupu, mwenge mmoja. Anatafuta nyuso. Nimejitolea kuwa Petro. Uso huu umetembea Jenova na Palermo. Mitume wenyewe wangeuonea wivu. Porzia mjane akiniona nimetundikwa juu ya altare, atasahau kwamba Onofrio muuza samaki yupo duniani.

Alhamisi, 12 Machi.
Nimemnong'oneza fundi kwamba Onofrio ana pua ya Yuda. Kaitazama, kakubali. Onofrio naye, mjinga wa watu, kanishukuru kwa kumtafutia kibarua. Kanipa dagaa. Nimekula. Watamu, Mungu anisamehe.

Jumapili, 29 Machi.
Picha imefunuliwa wakati wa misa. Mwanga wote umemwangukia Yuda! Hadi vinyweleo vya pua vinahesabika. Petro wangu kamezwa na giza. Porzia akaniuliza kama mimi ndiye lile goti la pembeni. Nikasema ndiyo, lakini litazame vizuri. Nikamwendea fundi: uso wangu uko wapi? Akanijibu, giza nalo ni kazi, mzee, na wewe umelijaza vizuri sana.

Jumanne, 31 Machi.
Afadhali, mtego umenasa. Sokoni hakuna anayenunua samaki wa Yuda. Wanawake wamemrushia maganda ya ndimu: ewe msaliti, Bwana ulimuuza thelathini, na huyu pweza je? Nilikwenda kucheka. Nikamkuta ameinamia kapu, machozi yanamdondokea pweza. Nikasahau kucheka. Nikawatimua wale mabibi kwa mkia wa papa. Porzia kaona yote. Kamshika Onofrio mkono, kampeleka kwake akamfulie shati.

Jumatatu, 13 Aprili.
Jana, Pasaka, padri katangaza ndoa yao. Porzia kanisimamisha njiani: shemeji, nilikuwa namwona muuza samaki tu, kumbe ni mtu wa kuhurumiwa. Shemeji! Divai yote imegeuka siki mdomoni. Lakini nimefikiri, na kosa nimeliona: niliomba utakatifu, kumbe wanawake huwapenda wanaochukiwa. Kesho fundi anaanza Kaini na Habili. Nimemsihi anipe Kaini, mwenge usoni kabisa. Porzia ana mdogo wake, hajaolewa, moyo laini kuliko siagi. Habili nimempendekeza Scipione kinyozi, ambaye naye anamzungukia yule binti. Alale miguuni pangu, damu ikimtoka, kila mtu amwone.