Barafu ya Samaki Juu ya Paneli

Jumatatu, 3 Februari 1997

Joto! Mabati ya kiwanda yanapasuka kwa sauti kama bisi. Hakuna wingu Kakamega nzima. Saa nane mchana mtambo mpya wa unga umejizima tena na taa nyekundu ikawaka. Ubongo wake unakaa ndani ya kabati la chuma tunaloliita paneli. Ndio unaoamuru mahindi yaingie, yasagwe, yapimwe, yajazwe mifukoni. Ukipata joto unagoma. Kama mkwe.

Tajiri wetu, Bwana Husseini wa Mumias, amekuja kuangalia. Yuko kwenye saumu, midomo mikavu, sauti ya chini. Amesema watu wanataka unga wa Idi, na atakayeufanya mtambo umalize wiki bila kuzima ndiye atakuwa msimamizi wa mitambo. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Jael pia, lakini kwa ufupi.

Jael ni fundi wa umeme, ametoka chuo cha ufundi juzi tu. Ati filta za paneli zimezibwa na unga, zisafishwe, na feni yake ndogo ibadilishwe. Basi? Mtu hapewi cheo kwa kupangusa vumbi.

Nimemwambia mke wangu, Navalayo, aanze kuzoea kuitwa mke wa msimamizi. Ameendelea kusonga obusuma, ugali wetu.

Jumanne, 4 Februari

Mpango: milango ya paneli wazi. Upepo uingie! Kilichoingia ni unga. Mtambo umezima mapema kuliko jana. Nimefunga milango haraka kabla Jael hajaona.

Ameona.

Akaja taratibu, wengine wakiwa mbali. "Mzee Hezekiah, tusafishe pamoja jioni. Nitamwambia tajiri ni wazo lako."

Maumivu! Nimeajiriwa hapa yeye bado anabebwa mgongoni. Nikamjibu kwamba nina mipango yangu. Akasema, sawa, mzee. Hiyo "sawa" inaniuma mpaka sasa.

Jumatano, 5 Februari

Kanisani kwetu kuna feni kubwa ya kusimama, mali ya akina mama. Mwenyekiti wao, Jescah, hampi mtu hata kiti. Nimemwambia naihitaji kwa kazi ya Bwana. Sikusema Bwana yupi.

Nimeielekeza kwenye paneli, nikaiwasha mpaka mwisho. Unga wote uliokuwa sakafuni ukainuka! Wapakiaji wametoka nje weupe, macho tu ndiyo yanaonekana. Musimbi, anayeshona mifuko, amekohoa mpaka akaketi chini. Mtambo ukazima. Kisha feni nayo ikatoa moshi, ikanyamaza.

Jescah amekuja kuichukua mwenyewe. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Amesema Jumapili ataniombea mbele ya kanisa lote, kwa jina.

Alhamisi, 6 Februari

Usiku sikulala, lakini asubuhi nimepata jibu. Barafu! Nimekwenda Lubao kwa baiskeli, nikamsihi Nabwire, muuza samaki, hadi akaniachia vipande viwili vikubwa. Nimevifunga kwa gunia, nikavibeba mgongoni. Mgongo umeganda njia nzima, na ninanuka ngege.

Nimeviweka juu ya paneli, juu ya karatasi ya nailoni. Jael alipoona alishika kichwa. Akasema maji na umeme, mzee, tafadhali. Wivu.

Saa nane ikafika. Ikapita! Mtambo unanguruma! Bwana Husseini akaja na mgeni wake, mfanyabiashara wa Matungu, kumwonyesha. Nikasimama mbele ya paneli, kifua mbele. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote maishani mwangu.

Kisha maji yakapata tundu la nyaya. Paneli ikasema chii. Mdomo wa kujazia unga ukafunguka, ukakataa kufunga, na Bwana Husseini alikuwa amesimama chini yake. Kanzu yake ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Sasa ni nyeupe hata ndevu, kofia, kope.

Yuko kwenye saumu, hawezi kunitukana. Niliyaona matusi yakipanda kooni, yakashuka. Akajipangusa macho.

"Hezekiah," akasema polepole, "tutaongea baada ya Idi."

Ijumaa, 7 Februari

Ubongo wa paneli umeungua. Mwingine utatoka Nairobi. Kiwanda kimefungwa, vibarua wamerudishwa nyumbani bila malipo. Idi ya Mumias itapikiwa unga wa watu wengine.

Nimekutana na Musimbi sokoni, kikapu chake kitupu. "Baba Mideva," akaniambia, "sisi tunakulanga siku ya kazi tu. Sasa barafu yako imetulaza njaa."

Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nimerudi nyumbani bila kununua kitu. Navalayo ameniwekea chakula mezani, kisha akaenda kuketi nje peke yake.

Jumapili, 9 Februari

Nimeombewa. Kwa jina. Kwa muda mrefu. Jescah alimtajia Mungu feni, barafu, hata samaki. Jael alikuwa kiti cha mbele, hakugeuka. Afadhali angecheka.

Jumanne, 11 Februari

Idi imekwisha. Nimeitwa ofisini. Bwana Husseini amesema amenisamehe, kwa heshima ya mwezi mtukufu. Nikaanza kushukuru. Akaongeza kwamba msimamizi ni Jael, na mimi kuanzia kesho niko langoni, kwenye mzani wa malori.

Ubongo mpya umefika. Jael amesafisha filta, amebadilisha feni, ameezeka nyasi kwenye mabati yaliyo juu ya paneli. Saa nane imepita. Saa tisa. Mtambo haujakohoa. Wapakiaji wamepiga vigelegele, Musimbi sauti ya juu kuliko wote.

Nimelia kidogo chooni. Miaka yangu yote hapa, na hakuna aliyewahi kunipigia kigelegele.

Jumatano, 12 Februari

Kibanda cha mzani ni cha mabati. Tanuri! Namba za uzito huwaka kwenye kisanduku kidogo cha umeme kando ya dirisha, na jua likikipiga zinacheza ovyo. Leo lori tupu limesomeka zito kuliko lililojaa mahindi. Dereva amecheka mpaka akashika usukani.

Amri ya Bwana Husseini: kitu chochote kikipata joto, nisiguse, nimwite Jael. Jael mwenyewe amepita kuniambia, kwa adabu, nisione haya kumwita wakati wowote.

Nimwite? Nimeketi nikafikiri. Nyumba ya marehemu mama ilikandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, na ndani kulikuwa baridi hata Februari. Hakuna chuo kinachofundisha hilo! Bwana Husseini atakuja mwenyewe langoni kunipa mkono.

Nimeshaazima ndoo, na samadi ya jirani bado mbichi. Kisanduku kina matundu mengi upande wa nyuma, sijui ya nini. Nitaanza kwa kuziba hayo.