Kitabu cha Kijani Chini ya Mashuka

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimerudi mkutanoni, goti linauma, habari si njema. Mkuu wa chuo ameamua kwamba somo langu, Utangulizi wa Sayansi ya Mfumo wa Dunia, lipate kitabu kipya cha kiada. Kimoja tu, kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Kamati ya watu watano itachagua, mimi ndiye katibu. Sikuomba ukatibu. Nilikuwa nimesinzia, nikashtuka wananipigia makofi.

Vitabu vilivyoletwa ni viwili. Cha kahawia kina sehemu nne: miamba, maji, hewa, viumbe. Kila kimoja kipo chumbani kwake na mlango umefungwa. Ndivyo ninavyofundisha mwaka wa kumi na tisa sasa, kutoka daftari lile lile, ambalo najua hata mahali pa kukohoa. Cha kijani kimebomoa kuta zote. Sura ya kwanza tu, jiwe linalika kwa mvua, linaingia mtoni, linafika baharini, linakuwa gamba la kiumbe, gamba linazama, linarudi kuwa jiwe. Nilisoma kurasa sita nikahitaji kujilaza.

Bi Mawingu anakitaka cha kijani. Huyo ni mwalimu wetu wa hali ya hewa, ana miaka miwili tu hapa, na hupanda ngazi huku anaongea. Kikipita chake, somo atapewa yeye, hilo halina ubishi. Mimi nitapelekwa mafunzo ya nje: kupanda vilima na vijana, nyundo mkononi, kugonga mawe. Kwa goti hili! Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Naomba tu niimalize nikiwa nimekaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepima vitabu kwa mizani ya jikoni. Cha kijani kinazidi kwa gramu tisini. Nikapeleka hoja kwamba ni kizito mno kwa wanafunzi. Bi Mawingu akajibu kwamba kitabu hakinunuliwi kama vitunguu.

Yeye ametunga fomu. Maswali tisa. Je, kitabu kinaonyesha jinsi hewa, maji, ardhi na viumbe vinavyogusana? Je, michoro inaeleweka bila mwalimu kusimama pembeni? Je, kila sura ina maswali ya kumfikirisha msomaji? Je, kinakiri mambo ambayo wataalamu bado hawayajui? Hilo la mwisho limeniudhi kabisa. Kitabu kikianza kusema hakijui, sisi walimu tutajificha wapi?

Mkuu amesema kila mjumbe avisome vyote viwili kabla ya Jumatano ijayo. Hapo nikaona upenyo. Nakala za kijani ni tatu tu, na katibu ndiye mtunzaji. Nimezibeba zote nyumbani kwenye mfuko wa viazi. Wajumbe nimewaambia ziko kwa wasomaji wa majaribio. Msomaji wa majaribio ni kabati la mashuka, rafu ya chini kabisa. Mke wangu hafiki huko. Huchukua shuka la juu, akishafua hulirudisha juu. Mashuka ya chini hayajaona mwanga tangu tuoane.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilimsahau mama mkwe.

Mtu anawezaje kumsahau mama mkwe anayeishi naye nyumba moja? Sijui. Alikuja kwa wiki mbili, paa lake linatengenezwa, na huu ni mwezi wa tatu. Ni mpole, hana neno na mtu. Lakini amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, tisa ya mwisho akiwa msimamizi, na kabati la mashuka lililopangwa ovyo linamnyima usingizi. Saa nne asubuhi alikuwa ameshalishusha lote. Amekunja upya shuka kwa shuka, kona kwa kona. Vitabu viwili amevirudisha chini, vimenyooka. Cha tatu anasoma.

Ana miwani mipya na anataka kuitumia. Maboksi ya dawa ameshayamaliza, na maelezo ya jokofu pia. Nikamwuliza kwa adabu zote kama asingependa gazeti. Akasema hapana baba, hiki kina hadithi, nataka kujua lile jiwe liliishia wapi. Ningefanya nini? Mkwe hanyang'anywi kitu mkononi. Nikasema soma tu mama, nikaenda kukaa chooni kwa muda.

Haidhuru. Atachoka mwenyewe. Mimi mwenye shahada nilichoka ukurasa wa sita.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Hajachoka.

Leo mezani amemweleza binti yake habari ya joto na mvuke. Alisema kitabu kinasema hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke nao huzuia joto lisitoke, kwa hiyo joto huzidi, na mvuke huzidi. Halafu akasema hilo analijua tangu zamani. Kule kazini, madirisha yakifungwa, mashuka ya moto yalitoa mvuke, chumba kikazidi joto, mashuka yakazidi kutoa mvuke, mpaka wafanyakazi wanaanguka. Alikuwa anapiga kelele mtu afungue dirisha.

Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akiniuliza ninafundisha nini na sijawahi kumaliza kumjibu, aliacha kula akawa anasikiliza. Akasema kumbe kazi yako ni nzuri hivi.

Kisha mama akanigeukia. Akaniuliza, sasa baba, dirisha la dunia anafungua nani? Maana kama hakuna dirisha, tungeshaiva siku nyingi.

Nikatafuna polepole. Daftari langu lina hewa ukurasa wa arobaini na mbili, tabaka zake kwa mpangilio, na halina dirisha popote. Nikasema ni swali zuri sana. Nikasema, mama, endelea kutafakari. Ndiyo sentensi ninayotumia darasani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya kampeni. Mwalimu wa ramani atapigia kura cha kahawia nikimwachia kiti changu cha dirishani katika chumba cha walimu. Kiti kile nimekikalia mpaka kimechukua umbo langu. Nimekubali. Mkutubi amesema atakwenda na wengi. Wengi ni sisi, kama hakuna atakayekisoma kile kingine.

Bi Mawingu ameniuliza mara tatu nakala ziko wapi. Mara ya tatu aliniuliza taratibu, bila ukali, akasema mwaka jana wanafunzi wake walifaulu mtihani wa hewa na mtihani wa bahari, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia bahari ina uhusiano gani na mvua. Akasema hilo linamnyima raha. Nikamwambia wasomaji wa majaribio hawaharakishwi. Kitabu cha kahawia yeye amekisoma chote, kimejaa vikaratasi kila ukurasa. Mimi sijakifungua. Sina haja. Kinafanana na daftari.

Nimerudi nyumbani hoi. Mama mkwe alikuwa ananingoja barazani, kidole ndani ya kitabu. Dirisha. Ametafakari siku mbili, ana majibu matatu, anataka kujua lipi ni sahihi. Nilikuwa nimechoka, mdomo ukasema wenyewe kwamba mambo hayo ni ya watu wa mawingu. Akauliza ni nani hao. Nikasema yuko mwalimu pale chuoni, anajua sana habari hizo. Akashukuru. Nikaenda kulala nikijipongeza.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Mkutano ulianza vizuri. Nilisimama nikaeleza kwamba kitabu cha kijani nimekijaribu kwa msomaji wa kawaida, mtu mzima, asiye na masomo ya sayansi. Nikasema kwa masikitiko kwamba msomaji huyo hakufika hata ukurasa wa kumi. Mwalimu wa ramani akatikisa kichwa kwa huzuni, kama tulivyokubaliana. Bi Mawingu alikuwa anaangalia meza. Mkuu akaniambia niandike hayo kwenye kumbukumbu, nikayaandika, nikayapigia mstari.

Mlango ukagongwa. Karani akasema kuna mama mmoja nje, amekuja na kitabu, anamwulizia mwalimu wa mawingu.

Aliingia amevaa nguo zake za harusini, kitabu kwapani. Alimsalimia kila mtu kwa zamu. Nilimwamkia nikiwa nimeinamia kumbukumbu. Mkuu akamwuliza ni nani, akasema ni mama mkwe wa katibu. Akaulizwa amefika wapi katika kitabu. Akasema ukurasa wa mia moja na arobaini na nane.

Wote wakanigeukia. Nikasema nilimaanisha siku ya kwanza.

Mkuu akampa kiti. Mama akaeleza chumba cha kufulia, mvuke, mashuka, na swali lake la dirisha. Bi Mawingu akasogeza kiti chake karibu. Akamwambia dirisha lipo: dunia kadiri inavyopata joto ndivyo inavyotupa joto zaidi kwenda angani, na jibu liko sura inayofuata, mama amebakiza kurasa nane tu. Mama akasema asante, usinimalizie, nitafika mwenyewe. Mkutubi alikuwa ameshaanza kuandika kwenye fomu.

Kisha Mkuu akauliza alikipataje kitabu. Nikafumba macho. Mama akasema mkwe wake ndiye aliyeleta vitabu nyumbani. Na kila anapomwuliza, mkwe hampi jibu, humwambia atafakari, na mwisho akamwelekeza kwa mtaalamu. Akasema walimu wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Kura nne kwa kijani. Ya tano ilikuwa yangu, nikaipeleka huko huko, mbio. Mkuu amesema aliyemwezesha mama huyu kufika mia na arobaini na nane ndiye wa kufundisha kitabu hiki. Somo limebaki kwangu. Mafunzo ya nje Bi Mawingu ameyaomba mwenyewe, kwa furaha. Tunaanza Jumatatu, sura ya kwanza. Daftari nimeambiwa nilipeleke maktaba, likatunzwe kama historia ya chuo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama mkwe ameniita barazani, mke wangu akiwa sokoni. Alisema hataki kuniaibisha, ndiyo maana amengoja tuwe wawili. Akaniwekea kitabu mapajani, kimojawapo cha vile viwili vya rafu ya chini. Akasema baba, miaka thelathini na mmoja nimepokea mashuka. Lililolaliwa nalijua na lisilolaliwa nalijua, hata likikunjwa vipi. Hiki hakijalaliwa.

Akasema jana alinisitiri kwa sababu mimi ni mume wa mwanawe na baba wa wajukuu zake. Lakini kuna watoto wa watu watakaa mbele yangu Jumatatu, na hao hatawasemea uongo. Siku nne zinatosha kusoma sura moja. Akaniomba nisome. Hakuniamuru, aliniomba.

Niliona aibu. Hapa naandika kwa ukweli, hakuna anayesoma: niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwahidi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimeshinda mchana kutwa na kitabu.

Kona nilizikunja asubuhi, moja baada ya nyingine, nyingine juu na nyingine chini ili zisifanane. Mgongo wa kitabu nimeuvunja sehemu tatu. Nimepiga mistari kwa kalamu mbili za rangi tofauti, mahali popote palipokuwa na sentensi ndefu. Pembeni nimeandika "muhimu", "kweli kabisa", na pengine alama ya kuuliza, maana msomaji makini hana budi kuwa na mashaka. Ukurasa wa kumi na saba nimeumwagia chai. Kisha nikakikalia kwa saa nzima. Kazi nzito! Mikono inauma kuliko goti. Hawa wanaosoma kweli sijui wanawezaje.

Jioni nikakiacha mezani, wazi. Mama alipita, akakichukua, akapitisha kidole kwenye kona, akanusa doa la chai. Akauliza ni wapi paliponisumbua zaidi. Nikasema kote, mama. Akavua miwani, akaifuta, akaenda kulala.

Nafikiri ameamini. Darasa ni kesho saa mbili asubuhi. Wakiniuliza lolote, nitawaambia watafakari. Sura ya pili bado ni safi mno, nitaimwagia chai wakati wa kifungua kinywa.