Televisheni Iliyojitazama

Jumatatu, 7 Julai 2025. Nalufenya, Jinja.

Leo nimegundua kitu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Proscovia hakisomi. Anasema ni lugha ya kambini, na mambo ya kambini aliyamaliza siku niliyostaafu magereza.

Ilikuwa saa nane mchana. Proscovia alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikatoa kabatini kamera ya kanda aliyoachiwa na marehemu dada yake, Gorreti. Nikaiunganisha na televisheni. Nilitaka kuona kama bado ni nzima, nianze kupiga video za harusi, na mimi nijulikane kwa kitu. Jirani yangu Marjan anajulikana. Anachora ndege na maji ya Nile, na hoteli moja mjini imetundika picha zake tatu. Tangu hapo anaongea kwa sauti ya chini, kama daktari.

Kamera ikageuka mkononi mwangu, ikatazama televisheni yenyewe. Ndani ya televisheni ikatokea televisheni. Ndani ya hiyo, nyingine, na nyingine, mpaka mbali ambako jicho langu halikufika. Nikaiinamisha kidogo. Foleni yote ikaanza kuzunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Nikawasha kiberiti mbele ya skrini. Mwali ukapasuka ukawa ua, na ua likazaa maua. Nikazima kiberiti. Maua hayakuzimika.

Nilikaa chini. Miaka ishirini na saba nimehesabu wafungwa. Sijawahi kuona kitu kinaongezeka chenyewe bila kulishwa.

Jumanne, 8 Julai.

Marjan alikuja kuazima ngazi. Akasema, kwa ile sauti yake, kwamba amealikwa kwenye maonyesho ya sanaa Mbale, Jumamosi ya tarehe 19. Mbale. Kwetu. Mimi Mgisu mzaliwa wa huko sijaalikwa, yeye wa Jinja amealikwa. Alikuwa ameshika barua ya mwaliko. Nikamwomba niisome, nikakariri namba ya simu iliyokuwa chini.

Alipoondoka na ngazi, nikapiga. Mwandaaji ni mwalimu, anaitwa Olivia. Nikamwambia mimi ni msanii wa picha zisizofanana na kitu chochote, na zinatembea. Akauliza nazitengenezaje. Nikasema hilo siwezi kulizungumza kwenye simu. Akasema nafasi moja ipo na projekta ipo, nilete kanda ya dakika arobaini.

Kanda sina. Nimezunguka maduka yote ya Main Street. Muuzaji mmoja alimwita mwenzake kutoka nyuma aje asikie ninachotafuta.

Nimeipata nyumbani, kwenye mfuko wa kamera. Imeandikwa kwa kalamu: PASAKA. Nikafikiri sana, kama dakika mbili. Pasaka huja kila mwaka. Hii moja hakuna atakayeiulizia.

Alhamisi, 10 Julai.

Kazi imekamilika. Siri nyingine nimeigundua: kioo changu cha kunyolea. Ukikisimamisha ubavuni mwa televisheni, kamera inaona skrini mbili badala ya moja. Kila moja inabeba mbili, na hizo zinabeba nne. Hazitokei tena televisheni ndani ya televisheni. Linatokea jani kama lile la porini, ambalo kila kipande chake ni jani zima, na kila kipande cha kipande hicho pia. Ukiongeza mwanga, yote yanakuwa meupe na kufa. Ukipunguza, giza. Katikati pana upana wa unywele, na hapo ndipo niliposhinda mchana kutwa, magotini.

Nilikuwa nimeziba madirisha kwa mablanketi. Mwenyekiti wa mtaa, wa LC, alikuja kuuliza, kwa heshima, kama kuna mgonjwa au kuna dawa inachemshwa. Majirani wameona mwanga wa zambarau chini ya mlango. Nikamwambia ni mambo ya magereza. Aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Proscovia alirudi mapema. Hakuuliza kuhusu mablanketi. Miaka yote hii amejifunza kuanza na maswali madogo. Aliuliza tu kwa nini kioo cha kunyolea kiko sakafuni. Kisha akanyoosha mkono kukiokota, na mkono wake ukaingia ndani ya picha. Skrini nzima ikawa mikono, midogo na mikubwa, ikifunguka kama ndizi mbichi kwenye mkungu. Akausogeza taratibu. Akausogeza tena. Alikaa pale robo saa akicheza na mkono wake, mwanamke mwenye wajukuu.

Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye kanda. Kwenye fomu ya Mwalimu Olivia nimeandika: Msanii, Afande Geresom. Hakukuwa na nafasi ya jina la mtu wa pili. Yaani ilikuwepo, lakini nyembamba.

Ijumaa, 11 Julai.

Siku mbaya.

Tulikuwa tunakula. Proscovia akasema, bila kuniangalia, kwamba jamaa zake wa Masese watakuja Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka mmoja tangu Gorreti alipofariki. Akasema sasa anajisikia ana nguvu. Siku hiyo watakaa wote waitazame ile kanda ya Pasaka, ya mara ya mwisho Gorreti kuimba na kwaya. Yeye hajawahi kuitazama. Alikuwa akiiangalia tu ikiwa kwenye mfuko.

Posho, yaani ugali, ilinikwama kooni. Akanipa maji. Akanipiga mgongoni, kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwambia kamera lazima isafishwe kichwa kwanza, na fundi yuko Mbale. Akauliza kichwa cha nani.

Jumapili, 13 Julai.

Nimefikiri tangu juzi. Kanda ni ya saa moja. Nimetumia kama dakika arobaini na nane. Kwa hiyo zimebaki kumi na mbili, lakini za nini sijui. Labda ni Gorreti. Labda ni watu wanakunja viti. Nimeshika kitufe cha kuangalia mara tatu na mara tatu nimekiachia. Nimewahi kuingia selo ya watu sitini peke yangu. Kitufe hiki kimenishinda.

Baada ya ibada nilijaribu njia nyingine. Kuna mwanakwaya anayefanana na Gorreti akitazamwa kwa nyuma. Nilimvuta pembeni nikamwomba avae kanzu ya bluu, asimame akiangalia ukutani, na aimbe nyimbo za Pasaka dakika arobaini na nane. Akauliza kwa nini. Nikasema ni shughuli ya serikali. Akasema sawa, ila kwanza atamuuliza Mama Emma.

Mama Emma ni Proscovia. Nilimwambia shughuli imeahirishwa.

Jumatano, 16 Julai.

Mpango sasa ni huu: kanda iende Mbale, ionyeshwe, kisha ipotee huko. Vitu hupotea Mbale. Mimi mwenyewe nilipoteza baiskeli pale sokoni mwaka 1994.

Lakini Marjan, ambaye hakuna aliyemwita, amekuja kusema amesikia na mimi nashiriki, na kwamba pikapu yake ina nafasi. Alifurahi kweli. Ninamtazama mtu huyu nikitafuta kijicho, sikipati. Inachosha.

Na Proscovia akasema atakuja pia. Anataka kumwona huyo fundi wa vichwa.

Jumamosi, 19 Julai. Mbale.

Naandika nikiwa nje ya ukumbi, kwenye ngazi, Mlima Wanale uko mbele yangu. Ndani bado wanaongea. Naandika sasa kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Tulifika saa nne kupitia barabara ya Tirinyi. Proscovia alikaa mbele. Ukumbi ulikuwa na watu kama themanini. Picha za Marjan zilikuwa ukutani, nane, na nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: kuna ndege mmoja amesimama kwenye mguu mmoja, utadhani anakusubiri uondoke.

Saa saba wakazima taa wakaweka kanda yangu. Ukutani ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Maua yalikuwa na urefu wa mtu. Mwalimu Olivia aliweka mkono kifuani. Mzee mmoja wa Kigisu nyuma yangu alisema taratibu kwamba hivi ndivyo mto unavyoonekana ukiwa na homa. Marjan aliinama kwangu akanong'ona, "Afande, mimi nachora miaka thelathini, kitu kama hiki sijakifikia." Nilitaka kukumbuka uso wake wakati wa kusema hivyo, lakini nilikuwa nahesabu dakika.

Mkono wa Proscovia ukaja. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu gizani.

Nilikuwa nimepanga kusimamisha kanda dakika ya arobaini na saba. Nilisimama. Nikapita kati ya viti. Mama mmoja mnene alikuwa amenyoosha miguu, nikaomba radhi, akainyoosha zaidi. Nilipofika kwenye kamera, ukuta ulikuwa mweusi. Nikashukuru Mungu.

Kisha ukuta ukawa wa bluu. Kanzu za kwaya. Kanisa la Masese, mlango wazi, ziwa nyuma likimeta. Na katikati Gorreti, mzima, ameshika daftari ambalo haliangalii, anaimba.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Sijui kwa nini sikubonyeza. Alikuwa na sauti ile ya kupasuka kidogo juu, na akafika ubeti wa pili akaukosea, akacheka huku anaimba, kwaya nzima ikacheka naye.

Proscovia alisimama. Alisimama dakika zote kumi na mbili na mkoba wake mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Ukumbi haukukohoa.

Taa zilipowashwa Mwalimu Olivia alikuwa analia. Akasema hajawahi kuona kazi ya aina hii, maumbo yote yale yasiyo na uso, na mwisho uso mmoja. Akauliza nilipataje wazo hilo. Watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo, na Mungu anisamehe, maneno ya kwanza yalikuwa, "Ilichukua mipango mingi."

Proscovia akauliza kwa Kiswahili, Kiswahili kisafi kabisa, "Baba Emma, nyimbo zingine ziko wapi?"

Nikamjibu hapo hapo, mbele ya watu themanini. Nikasema ziko chini ya maua. Nimezifuta mimi.

Akafunga mkoba wake. Kisha akaenda akakaa karibu na picha ya yule ndege.

Jumapili, 20 Julai. Jinja.

Jana wakati wa kurudi nilipanda nyuma ya pikapu, nimekumbatia mfuko wa kamera, turubai kichwani. Hakuna aliyeniambia nipande huko. Nilijua tu.

Asubuhi Proscovia alisema sentensi moja: utakwenda Masese na utasema mwenyewe. Akachukua kamera na waya wake. Tukaenda.

Mama mkwe alikaa ndani nyuma ya pazia, mimi nje kwenye kigoda nimegeukia upande mwingine, kama adabu inavyotaka. Kuungama kwa pazia ni kugumu. Nilipomaliza, nikasikia wanawake wanaoanika mukene, dagaa wa huku, kule mwaloni wakigombana kuhusu chumvi.

Mama mkwe akauliza zimebaki dakika ngapi. Proscovia akamwambia kumi na mbili. Akauliza kama upo ule wimbo ambao Gorreti alikuwa anaukosea ubeti wa pili. Proscovia akasema upo, na ameukosea. Nyuma ya pazia mama mkwe akacheka. Kicheko kikageuka katikati, kikawa kitu kingine, na Proscovia akaingia ndani.

Waliitazama huko ndani, kwenye televisheni ya shemeji. Mimi nilisikia sauti tu. Baadaye mama mkwe akatuma neno: zilizofutika yeye anazikumbuka, na huyu mkwe apewe chai.

Nilikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Sikustahili, nikaomba ya pili.

Jumatatu, 21 Julai.

Marjan amekuja kuchukua kanda. Amempata mtu wa kuihamishia kwenye flashi, nakala tatu, moja ya Masese. Hakukumbusha mtu kwamba yeye ndiye aliyefikiria hilo.

Nilimuuliza Proscovia tangu lini anajua Kiswahili. Akasema ameishi kambini miaka ishirini na saba, nilidhani alikuwa anasikia nini. Nikauliza kuhusu kusoma. Akasema ana sahani za kuosha.

Amecheka kidogo saa ya chakula. Kidogo, lakini nimeona. Nimeahidi kwamba sitagusa tena kitu cha marehemu bila kuuliza. Niliahidi kwa moyo wote.

Jumanne, 22 Julai.

Mwalimu Olivia amepiga simu. Wanataka kazi ya pili, Desemba. Amesema ifuate njia ileile: kwanza maumbo, mwisho uso. Nikamwambia hiyo ndiyo njia yangu tangu zamani.

Nimekaa nikachambua. Maumbo ninayo. Kinachohitajika ni marehemu mwenye kipaji. Nimewauliza majirani watano, kwa upole, ni nani ameacha kanda. Wawili wamefunga mlango.

Kisha nikakumbuka kwamba baba yake Marjan alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi, na alirekodiwa siku moja kabla ya kustaafu. Nimekwenda. Nimeuliza, kama nilivyoahidi. Nilimweleza Marjan kwamba sitaifuta, nitarekodi mwanzoni tu, pale ambapo kwa kawaida huwa hakuna kitu. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba atafikiri.

Namheshimu. Mwache afikiri. Kanda iko juu ya kabati la sebuleni kwake, upande wa kushoto, nyuma ya saa, na Alhamisi yeye huenda hotelini.