Jina Jeupe Juu ya Ukurasa Mweupe

Jumatatu, 3 Juni

Mkutubi wa shule ametangaza. Klabu ya kusoma itakuwa na blogu, na atakayeitengenezea themu nzuri kuliko wote, yaani vazi lake, rangi, herufi na mpangilio, ndiye atakuwa mhariri. Mhariri! Mtu anayesema yote bila kusimama mbele ya watu. Nafasi hii imeumbwa kwa ajili yangu. Mimi nikisimama mbele ya darasa sauti hunikimbia.

Mpinzani ni mmoja: Spika. Tunamwita hivyo kwa sababu hana sauti ya chini. Amekwisha kumwambia kila mtu kwamba themu yake itakuwa ya rangi ya chungwa. Ya chungwa! Maskini klabu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mtandaoni muundo wa tovuti wa bure. Ulitengenezwa kwa ajili ya duka la saa za mkononi, lakini ni mzuri ajabu. Nimeukata vipande vitatu, kichwa, mwili na mkia, ili blogu iweze kuvivaa. Nimefuta saa zote. Moja imegoma kutoka. Nimeamua ni pambo.

Tatizo ni sharti. Mbunifu ameandika: tumia utakavyo, ila acha jina langu chini ya kila ukurasa. Kila ukurasa! Na langu likae wapi?

Nimemweleza mama, ambaye ni fundi cherehani. Akauliza kama hilo gauni nimelikata mwenyewe au nimepunguza kiuno tu. Nikasema nimepunguza kiuno na kubadilisha vifungo. Akasema basi, mwanangu, gauni si lako. Mama haelewi teknolojia.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa! Jina la mbunifu nimeliacha palepale, ila kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Sharti linataka jina liwepo. Halikusema lionekane. Nimelisoma mara tatu. Wakili yeyote angenipa mkono. Juu yake, kwa bluu iliyokoza, jina langu kamili.

Na kwa kuwa pale pembeni mwa jina la mbunifu maandishi hayaonekani, nimeongeza maneno mawili matatu meupe ya kujifurahisha. Kwamba Spika akiachiwa atapaka chungwa hata ubao wa darasani. Kwamba Mkutubi hajui lolote kuhusu themu, ukimpa bluu karidhika. Dada yangu mkubwa akachungulia mlangoni: "We Kamusi, unacheka na nani?" Nikasema na kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa!

Mkutubi hasomi blogu kwa macho. Macho yake huchoka, kwa hiyo simu humsomea. Mimi ningejuaje? Mbele ya klabu nzima ameiweka simu mezani na kuongeza sauti. Simu haijui nyeupe ni nini. Simu inasoma kilichoandikwa. Ikasoma jina langu. Ikasoma la mbunifu. Ikasoma habari za Spika na ubao. Halafu, kwa sauti tulivu ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ikasema kwamba Mkutubi hajui lolote kuhusu themu.

Mkutubi, bila kuinua uso, akafungua ukurasa wa pili. Mkia wa themu hujirudia kila ukurasa. Kurasa zilikuwa nne. Alizifungua zote.

Spika alicheka mpaka akashika meza. "Rudia hapo, mwalimu! Hapo pa bluu!"

Mkutubi akasema bluu ni nzuri kweli, ila mhariri ni Spika. Kisha akaniamuru nisimame nilitaje jina la mbunifu kwa sauti. Nikalitaja. Akasema hakusikia. Nikalitaja tena. Spika, eti kwa kunisaidia, akalitaja yeye, likasikika mpaka uwanjani.

Jumapili, 9 Juni

Blogu ya klabu iko hewani. Ni ya chungwa. Nimeitazama nusu dakika, machozi yakanitoka, na si ya huzuni.

Mama anataka nimwandikie mbunifu nimwombe radhi. Radhi ya nini? Jina lake lilikuwepo! Limesomwa mara nne hadharani. Ni nani mwingine aliyemtangaza namna ile?

Dada ameniuliza kama angalau nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza sana, na si uongo. Kosa langu lilikuwa woga. Mtu mwenye msimamo hafichi vitu.

Kwa hiyo naanzisha blogu yangu mwenyewe. Nimekwisha kupata muundo mwingine wa bure, wa kampuni ya kuua mende, maridadi sana. Mbunifu wake hajaonekana mtandaoni miaka sita. Safari hii sikuficha chochote. Jina lake nimelifuta kabisa.