Kengele ya Bata Kilema

Tegueni kitendawili hiki: nina ulimi ila sisemi mpaka nipigwe, na nikisema, mfuko wa mtu unalia. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimechukua Perth, kule Australia. Jibu ni kengele.

Ilining'inia juu ya kaunta ya Bata Kilema, baa ya mtindo wa Kiingereza pale mtaa wa Northbridge, penye picha za farasi na zulia linalonuka bia. Clive Tranter, mjanja wa Sydney aliyeingia mjini juzi, aliiona Ijumaa jioni, mate yakamjaa. Kengele ya meli, ya kale hasa. Kuna tajiri Fremantle angeitolea bei ya gari. Mfukoni Clive alikuwa na kodi ya nyumba tu, basi. Akakaza tai, akauvalisha ulimi Uingereza.

"Mama, mimi ni mnunuzi wa vitu vya kale, natoka London," akamwambia Noreen Pascoe, mwenye baa. "Hiyo kengele yako, pole sana. Ina ufa. Nitakusaidia kuiondoa kwa bei ya chuma chakavu."

Noreen akaendelea kufuta glasi. "Ufa? Mbona siuoni?"

"Uko ndani. Unasikika kwa sikio lililosoma."

"Basi isikilize, baba. Ikilia vibaya, ichukue bure."

Bure. Hapo ndipo akili za watu wazima huenda likizo. Clive aliijua desturi vizuri: anayegonga kengele ya kaunta huwanunulia vinywaji wote waliomo. Lakini jioni hii yeye ni mtu wa London, na mgeni akikosea husamehewa. Tena akikataa kuisikiliza, ataaminika vipi?

Akaigonga.

Ikalia safi, tamu, mpaka mtaa wa pili. Baa nzima ikainuka. Hata waliotoka kuvuta sigara walirudi mbio.

"Jamani, mimi mgeni," Clive akajitetea. "Kwetu London hatuna mambo haya."

"Nani kakwambia?" akauliza mzee Merv, akisukuma glasi yake mbele. "Mimi nimezaliwa huko, na huko ndiko tulikoitoa desturi hii. Niwekee bia ile nyeusi, kijana wa nyumbani."

Noreen akamimina, akamimina, mpaka kodi ya Clive ikawa povu kwenye masharubu ya watu. Glasi ya mwisho akamsogezea Clive mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu. Umelipia."

Clive akanywa, akaitazama kengele. "Mama, niambie ukweli. Hujawahi kufikiria kuiuza?"

"Niiuze kwa nini?" akasema Noreen. "Kila mwezi anakuja mtaalamu kuisikiliza."