Gari la Marehemu na Jicho la Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Machi

Gari limezimika mara tatu kati ya kwangu na kwa mama mkwe. Mara ya kwanza kwenye mzunguko. Mara ya pili kwenye mzunguko uleule, hatua kumi mbele. Mara ya tatu mbele ya geti la mama. Hiyo siihesabu, maana nilikuwa nimeshafika.

Mama alikuwa amesimama barazani na kikapu chake. Akausalimia ukuta wa jirani, tena vizuri tu, akauuliza na hali ya kazi. Jicho la kulia halioni kabisa sasa. La kushoto linaona ukungu. Nilipoitika kutoka upande mwingine akacheka, akasema alijua nimekuja tangu niko barabara kuu, kwa kishindo cha ekzosi. Nimelipokea kama sifa.

Sokoni tumekwenda na tumerudi. Hilo liandikwe. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, ikabidi niwashe hita yote ili joto la injini lipate pa kutokea. Jua la saa sita, na madirisha mawili hayashuki! Mama akauliza mbona humu ndani kunaunguza. Nikamwambia ni tiba ya magoti. Akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Mama mkwe wangu ni mtu mwenye heshima zake.

Habari kubwa: amepata siku ya upasuaji. Alhamisi hii, saa mbili asubuhi, anaondolewa mtoto wa jicho. Daktari bingwa haji kila wiki, na anayechelewa nafasi yake anapewa mwingine. Mama akauliza, kwa upole kabisa, kama si afadhali apelekwe na mwanyumba.

Mwanyumba! Ndiye aliyemwoa mdogo wake marehemu mke wangu. Gari lake lina miaka miwili na halitoi sauti. Huwezi kujua kama limewaka au limelala. Mimi simwamini mtu ambaye hata gari lake halisemi.

Nimemwambia mama nitampeleka mimi. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda chini ya boneti. Nimetia maji lita nne kwenye rejeta. Yameingia yote. Hakuna palipovuja hata tone. Yanakwenda wapi? Mimi ni karani wa masjala idara ya maji, na gari langu linakufa kwa kiu. Wenzangu wasijue.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Gari hili lilikuwa la mke wangu. Leo ana mwaka na miezi minne ardhini. Miaka kumi na mmoja aliendesha yeye, mimi nilikuwa abiria na mshika mikoba. Kiti cha dereva bado kiko pale alipokiweka. Alikuwa mfupi. Magoti yangu yanagusa usukani, na kukata kona ya kulia ni shughuli. Lakini kiti sikisogezi.

Na nisipokuwa na gari, kwa mama mkwe nitakwenda kwa kisingizio gani? Hatukujaliwa mtoto, kwamba niseme nimemleta mjukuu. Mkwe aliyefiwa na mke ni mtu wa kuulizwa habari kwenye misiba. Mkwe mwenye gari ni dereva, na dereva akifika hupewa chai.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa. Si uongo.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaninyooshea. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Akaniambia niwashe. Moshi mweupe ukatoka nyuma kama tunapika. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto: gasketi ya juu ya injini imeungua, maji na oili vinakutana mahali ambapo havikutakiwa kujuana. Kazi ya wiki nzima, kama chuma chenyewe hakijapinda. Nikamwambia nina siku mbili. Akasema basi nina siku mbili za kutafuta gari jingine.

Akauliza lilifanyiwa sevisi lini mara ya mwisho. Nikafungua kidroo cha dashibodi, nikampa daftari la mke wangu. Kila baada ya miezi mitatu: tarehe, oili, filta, pedi za breki, kwa ule mwandiko wake wa mviringo. Fundi akafunua, akafunua, akafika kwenye ukurasa mtupu. Akafunua tena. Mtupu. Akalifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole.

"Mzee," alisema, "hili gari halikuchoka. Liliachwa."

Sikulipenda neno lake. Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Kuna akili nje ya gereji! Kwenye duka la vipuri nimeulizia dawa ya kuziba rejeta. Imekwisha. Lakini mteja mmoja aliyeegemea kaunta, mtu mwenye mafuta hadi kwenye masikio, akanivuta pembeni. Ute wa mayai, alisema. Unamimina kwenye rejeta, joto linauivisha, unaziba penye tundu. Yeye alitembea nao miaka miwili. Sikumuuliza sasa anatembea na nini.

Ute wa mayai sita. Nimeumimina kwa faneli, nikawasha, nikasubiri. Nimekwenda kazini, mshale umetulia katikati kama mtu aliyeshiba! Nimepiga honi mbele ya gereji ya fundi. Hakutoka, lakini amesikia.

Tatizo dogo: harufu. Msimamizi wa masjala amefungua dirisha mara mbili akauliza nani amekuja kazini na mayai ya kuchemsha. Nimetazama faili langu kwa bidii.

Jumatano, 12 Machi

Ute umeshindwa. Mshale umepanda tena, na haukusimama hata kupumzika. Nimebandika plasta, ile ya kidonda, juu ya kioo chake nisiuone. Moyo umetulia mara moja.

Mchana mwanyumba akapiga simu. Sauti yake kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Akasema amesikia kwa mkewe kuwa mama anafanyiwa upasuaji wiki hii, siku yenyewe mkewe hakuishika vizuri. Yeye yuko tayari, gari liko tayari, niseme tu ni lini. Alisema hivyo: gari liko tayari. Kama vile mtu amemuuliza!

Nimemwambia ni Ijumaa.

Sijui lilitokea wapi. Lilikuwa limekaa mdomoni, likatoka. Halafu nikampigia mama, nikamwambia mwanyumba amesafiri kikazi hadi Ijumaa, asimsumbue kwa simu. Mama akasema maskini, kazi zinamchosha mtoto wa watu.

Nikiandika hapa naona si vizuri. Lakini mama akishafika, akishapona, nani atauliza habari za siku?

Alhamisi, 13 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Saa kumi na mbili unusu nilikuwa getini. Mama alikuwa tayari, amevaa viatu vyake vizuri, hajala kitu kama alivyoagizwa. Amebeba mkoba mdogo wenye khanga na barua ya hospitali. Nimewasha hita, yeye akafungua vifungo vya koti kimyakimya bila kuuliza.

Hadi darajani, salama. Tukaanza kupanda mlima wa hospitali. Katikati ya mlima, usawa wa kiwanda cha mbao, kitu kikapasuka chini ya boneti. Mvuke ukafunika kioo chote cha mbele. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jiwe chini ya tairi.

Mama akauliza kutoka kiti cha nyuma, ule ukungu ni wa jicho lake au ni wa nje.

"Wa nje, mama," nilimwambia.

"Afadhali," alisema.

Ilikuwa saa moja na dakika tano. Ningesimamisha teksi pale pale tungefika na muda wa kubaki. Nimelipigia hesabu hilo mchana kutwa, na kila nikihesabu tunafika. Lakini nilimwambia injini ikipoa tutaondoka. Nikapepea boneti kwa kipande cha boksi. Nikatia maji chupa tatu, yakatokea nyuma kwenye ekzosi. Wapasua mbao wanne wakatoka kusukuma, wakasukuma hatua ishirini, wakasimama, wakaniangalia. Mmoja akasema mzee, hapa tunasukuma maiti. Hakujua anasema nini. Nikaenda nyuma ya gari nikajifanya natafuta spana.

Mama akaniomba nimpigie mwanyumba, labda amerudi safari. Nikasema simu yake haipatikani. Huo ukawa uongo wa tatu.

Teksi tumeipata saa mbili na robo. Tumefika saa mbili na nusu. Muuguzi wa mapokezi akapitisha kidole kwenye orodha, akasema jina limeshakatwa, ameingizwa mwingine, daktari hana nafasi tena leo. Nikajaribu kueleza habari za gasketi. Akasema nyuma yangu kuna watu.

Mama alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, uso ameuelekeza kwenye taa ya dari. Akasema haidhuru, ukungu ameshauzoea. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Akauliza tu kama kuna mahali atapata kipande cha mkate, maana njaa inamuuma.

Ijumaa, 14 Machi

Alfajiri, mwanyumba akasimama mbele ya geti la mama na gari lililooshwa. Amevaa shati la kwenda hospitali. Amepaki maji ya kunywa na mto mdogo wa kuegemezea kichwa cha mgonjwa. Amekuja kumchukua mama kwa upasuaji wa Ijumaa.

Nusu saa baadaye simu yangu ikalia. Mama akasema neno moja: njoo.

Nimekwenda kwa miguu, gari liko bado mlimani kwa wapasua mbao. Mwendo wa saa nzima. Njiani nimetunga maelezo matatu, yote mazuri. Nilipoingia sebuleni yote yakapotea. Mwanyumba alikuwa jikoni anaosha vikombe. Hata kuosha vikombe anaosha bila sauti.

"Baba, ulimwambia mwenzio Ijumaa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ukaniambia amesafiri."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikatazama mazulia. Nikasema nilitaka niwe mimi.

Kisha akaanza kunitafuta kwa mkono hewani, nikausogelea, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Leo umekuja na nini?"

"Kwa miguu, mama."

"Geti halikufunguka?"

"Limefunguka."

"Chai hukupewa?"

Mwanyumba alikuwa ameshaiweka mbele yangu, ina moshi. Nikasema nimepewa.

"Sasa lile gari unalikokota la nini? Mimi mwanangu nimemzika. Sikai humu namsubiri aje na gari. Nakusubiri wewe. Na wewe umeniacha mlimani na njaa yangu, jicho langu moja, unapepea chuma."

Nikashika kikombe kwa mkono uliobaki.

Mwanyumba akaketi, akatoa simu, akawapigia hospitali. Alizungumza dakika kumi kwa adabu, akashukuru mara nne. Daktari anarudi wiki ya pili, Alhamisi tarehe 27, jina la mama limeandikwa. Akanigeukia, akasema tutakwenda watatu. Yeye ataendesha, mimi nitakaa nyuma na mama nimshike mkono, maana anaogopa sindano na hataki kusema. Hakunilaumu hata kwa nukta moja. Jambo hilo limeniuma kuliko tusi.

Nimerudi kwa miguu. Kwenye kona ya duka la vyuma nikasimama kidogo, nikalia. Kuna vumbi sana pale.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbili nimekaa na nafsi yangu. Sikula vizuri. Nimeyapitia maneno ya mama moja moja, na ya fundi, hata ya yule mpasua mbao. Nimekubali kosa. Hapa naliandika wazi, bila kujitetea: kosa lilikuwa kupoteza muda na mayai. Injini nzima ndiyo iliyotakiwa kubadilishwa.

Nimekwenda gereji, gari letu likivutwa kwa kamba. Nyuma kabisa, kwenye majani, kuna gari kama letu, mwaka uleule, rangi ileile. Halina matairi wala kioo cha nyuma. Mwenyewe amelitelekeza miaka minne. Fundi anasema hajawahi kulisikia likiwaka. Nikamwuliza, je, amewahi kulisikia likikataa? Akasema hapana. Basi! Nimelichukua. Magari mawili mabovu, mkononi mwa mtu mwenye mpango, ni gari moja zima na vipuri vya akiba.

Fundi anasema kuhamisha injini ni wiki tatu. Nimemwambia siku tisa, na nitamsaidia mwenyewe jioni nikitoka kazini. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Nimeingia kwenye lile gari kupima kiti. Kilikuwa nyuma, nikakisogeza mbele hadi magoti yakagusa usukani. Vizuri kabisa.

Jioni nimempigia mwanyumba. Nimemwambia tarehe 27 asihangaike, mama nitampeleka mimi, injini ni mpya. Kwangu ni mpya. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Kisha akasema sawa, hakuna shida, ila na yeye atakuja na gari lake. Atakuwa nyuma yetu tu, polepole, hadi hospitali.

Aje. Nimemwonya aijue njia vizuri, maana sisi tutakuwa tumeshampotea mbele.