Alama Yangu ni Mbuzi

Jumatano, 27 Julai 2022
Udiwani ni wangu! Alama yangu kwenye karatasi ya kura ni mbuzi. Mikinduri hii nani hapendi mbuzi? Mpinzani wangu Kathambi, mwalimu mstaafu, amechukua kondoo. Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani. Mbarak wa bucha ameniazima beberu wa kutembeza sokoni. Kasema nisimrudishe akiwa amekonda.

Nimemwambia mke wangu Eunice kwamba kura yake nimeihesabu tayari. Akasema ataomba kwanza, Mungu amwongoze. Aombe tu. Ataongozwa kwa nani mwingine, na kila siku ananipikia mimi?

Ijumaa, 29 Julai
Nimegawia wajane wa kanisa unga. Si hongo. Ni huruma, nimeifunga tu kwa karatasi yenye picha yangu.

Kisha nikaenda kwa Pasta Ndambiri. Nikamtaka Jumapili awaambie waumini wanichague. Akakataa katakata. Ati madhabahu haina mgombea. Ati Mkristo aombe, aangalie mwenendo wa mtu, akatae hongo, halafu apige kura kwa dhamiri safi. Aliutazama mfuko wa unga niliomletea mpaka nikaubeba tena.

Basi nikamwomba asome tu ile sura ambapo Bwana anawasifu waliomlisha akiwa na njaa. Watu watajua ni nani anasemwa. Akaniuliza kama nimeisoma yote. Nikamwambia mimi ni shemasi, asinichezee. Akatabasamu, akakubali. Nikamsihi asome kwa sauti.

Jumapili, 31 Julai
Wueh! Kumbe kuna mbuzi humo ndani! Kondoo wanawekwa kulia, mbuzi kushoto, halafu mbuzi wanapelekwa motoni. Motoni! Kanisa lote likageuka kunitazama. Nilikuwa nimemfunga beberu mlangoni, naye akalia palepale moto ulipotajwa. Kwaya ilishindwa kuimba. Kathambi aliinamisha kichwa kama anayeomba, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Sitamsamehe mpaka niapishwe.

Jumatano, 3 Agosti
Biblia imeniangusha, Biblia itaniinua. Nimepata! Zamani kulikuwa na mbuzi aliyewekewa mikono kichwani, akabeba dhambi za watu wote. Nimetangaza sokoni kwa kipaza sauti kwamba mbuzi huyo ndiye mimi, waniletee dhambi na kura.

Saa sita foleni ilikuwa imefika kwa Mbarak. Mmoja akanishika kichwa, akaungama kwamba kuku wangu aliyepotea Desemba alimla yeye. Mjane Ruguru akaungama kwamba unga wangu amekula na kura atampa Kathambi. Kisha akaenda zake ametakasika. Mimi nikabaki na dhambi, bila kuku, bila unga.

Jioni wazee wa kanisa wakaja na pikipiki. Wao wamesoma sura yote. Mbuzi akishabebeshwa dhambi, anafukuzwa jangwani. Wamekubaliana Kiambere kuna ukame wa kutosha. Nilidhani ni mzaha, kumbe wamenibebea na maji ya kunywa njiani! Nimejifungia chumbani.

Jumanne, 9 Agosti
Tumepiga kura. Eunice amefunga siku tatu akiombea kura yake. Nikamwuliza Mungu amemwambia nini. Akanijibu kwamba kura ni siri. Kidole chake kina wino na uso wake una amani. Amani hiyo siipendi.

Alhamisi, 11 Agosti
Kathambi ameshinda. Mimi nimepata kura mbili. Moja ni yangu. Mbarak anaapa kwamba ya pili ni yake, alimhurumia beberu.

Nikamgeukia Eunice. Hakuzungusha maneno. Alisema ananipenda sana, lakini kila alipofumba macho kuomba aliwaona wale wajane wakinunuliwa kwa njaa yao. Imeniuma. Haki ya Mungu imeniuma, nikalia kama mtoto. Akanipikia chapati, akakaa nami mpaka nikanyamaza. Nikamwahidi kwamba nimebadilika.

Jumamosi, 13 Agosti
Nimebadilika! Kosa langu lilikuwa mnyama. Leo nimefungua Biblia na kuangukia mstari wa ajabu: Musa aliinua nyoka wa shaba juu ya mti, na kila aliyemtazama akapona. Alama ya 2027 hiyo! Eunice akaniuliza taratibu kama nakumbuka nyoka anasemwaje kwenye kurasa za kwanza kabisa. Nikamwambia kurasa za kwanza ni za watoto wa Sande Skuli.

Beberu nimemrudisha, amekonda. Jumatatu naenda kutafuta nyoka wa kutembeza sokoni.